Kiko Kinachozima: Lawama kwa Jani au kwa Mkono?

Anayeanza kuvuta kiko hukutana na lawama mbili kabla hajamaliza pakiti ya kwanza. Kiko kikimzimikia mara ya tano ndani ya dakika kumi, mmoja humwambia tumbaku yake imelowa, aianike. Mwingine humwambia tumbaku haina neno, ila ameshindilia mno. Wa tatu, na huyu hakosekani, humwambia avute polepole. Wote watatu husema kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa na kiko mdomoni, na ushauri wa mmoja huvuruga wa mwenzake. Aliyeambiwa aanike huianika mpaka ikawa unga, kisha huushindilia unga ule kama alivyofundishwa kushindilia jani bichi, na moshi haupiti kabisa.

Vurugu hii ina chanzo kimoja: ushauri wa unyevu hutolewa bila kutaja ujazaji, na wa ujazaji bila kutaja unyevu. Hapa tunaviweka pamoja.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Kiko si chombo salama. Moshi wake huleta saratani ya mdomo, koo na mapafu, na asiyevuta hana sababu ya kuanza. Wanaojifariji kwamba hawaumezi moshi wajue kuwa moshi wa kiko mara nyingi una ualikali zaidi ya ule wa sigara, na nikotini katika hali hiyo hupenya moja kwa moja kwenye ngozi laini ya mdomo. Yanayofuata ni maelezo kwa mtu mzima ambaye tayari ameamua.

Malio yaliyogeuka kuwa kasoro

Kitabu cha Edward Steere cha Kiswahili cha Unguja, kazi ya karne ya 19, kinakieleza kiko cha pwani kwa sehemu zake. Bori ndipo tumbaku inapowekwa. Digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori hadi kwenye chombo kidogo cha maji, na chombo hicho ndicho hasa kiko. Shilamu ni mrija unaokwenda mdomoni. Maji yakibubujika mtu anapovuta, sauti yake ni malio ya kiko.

Kiko cha Kizungu kilichoenea duniani leo, cha mbao, hakina chombo cha maji. Bori na shilamu vimekaribiana, katikati pana tundu jembamba tu. Lakini maji hayakuondoka. Yamekosa makazi, basi yanajikusanya ndani ya tundu lile, na mvutaji husikia malio yaleyale. Kwa mvutaji wa zamani wa Unguja sauti ile ilimwambia kiko kinakwenda vizuri. Kwa wa leo inamwambia kitu kimeharibika, na muda si mrefu atapata tone chungu ulimini.

Maji yanatoka wapi

Wengi hudhani maji yote hutoka kwenye tumbaku yenyewe. Hesabu inasema vingine.

Chukua gramu 3 za tumbaku, ujazo wa kiko kimoja cha wastani. Ikiwa na unyevu wa asilimia 20, ndani yake kuna gramu 0.6 za maji na gramu 2.4 za jani kavu. Ukiianika hadi ishuke asilimia 13, jani kavu ni lilelile, ila maji yamebaki kama gramu 0.36. Umeondoa robo gramu hivi. Ni matone matano.

Sasa washa. Jani lina haidrojeni, na haidrojeni ikiungua hugeuka maji, hata kama jani lilikuwa kavu kama karatasi. Gramu moja ya selulosi ikiungua yote hutoa zaidi ya nusu gramu ya maji. Tumbaku si selulosi tupu wala haiungui yote, lakini picha ni wazi: moto wenyewe unaweza kuzalisha maji mengi kuliko yale uliyohangaika kuyaanika. Ongeza mate yanayorudi kwa shilamu, hasa kwa mgeni anayeing'ata kwa meno muda wote, na utaona kwamba kiko kikavu kabisa hakipo.

Kwa nini basi matone matano yawe na maana? Kwa sababu ya wakati. Maji yaliyomo kwenye jani hudai joto kabla moto haujafika. Kugeuza maji kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapandisha kutoka ubaridi wa barafu hadi nyuzi 100. Kaa dogo ndani ya bori halina akiba hiyo. Likipungukiwa linafifia, mvutaji anahofia kuzimikiwa, anavuta kwa nguvu, kaa linawaka kupita kiasi, mvuke unakwenda wote kwa mkupuo, na ulimi unaungua. Kila aliyewahi kufunua sufuria ya wali karibu na uso anajua mvuke unavyochoma kuliko hewa kavu yenye joto lilelile.

Maji yanayotokana na moto, kwa upande wake, huja na joto lake mwenyewe. Hayazimi kaa. Yanakwenda kujikusanya kwenye shilamu iliyo baridi. Kwa hiyo matatizo ni mawili: kuzima, ambako kwa sehemu kubwa ni kwa maji ya jani, na malio, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mwendo wa mvutaji. Anayeponya la pili kwa dawa ya la kwanza atalaumu dawa bure.

Hoja za wanaotetea unyevu

Wanaosema tumbaku ivutwe jinsi ilivyotoka kwenye kopo hawabahatishi. Mkulima wa tumbaku ya mvuke wa Tabora au Urambo anaijua hoja yao bila kuwahi kushika kiko: jani linalotoka kwenye bani likiwa kavu kabisa huvunjika ukiligusa, hivyo hulainishwa kwanza kwa unyevu ndipo lipangwe madaraja na kufungwa marobota. Kiwandani ni vivyo hivyo. Jani lenye maji hukatika nyuzi ndefu, huvumilia safari na hushinikizwa kuwa vipande bapa bila kupasuka. Baadhi ya tumbaku, hasa za Virginia, huendelea kubadilika ndani ya kopo kwa miaka, na mabadiliko hayo yanahitaji maji.

Wana hoja ya ladha pia. Mafuta mepesi yanayobeba harufu huondoka pamoja na maji. Jani likishakauka mno, kulinyunyizia maji hurudisha ulaini, lakini harufu iliyokwenda imekwenda. Tena jani lenye unyevu huungua taratibu.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachanganya hali ya kuhifadhia na hali ya kuvutia. Unyevu unaolifaa jani safarini na dukani haulazimiki kulifaa ndani ya bori. Na tusisahau biashara: tumbaku huuzwa kwa uzito, maji yana uzito, na mnunuzi hulipia yote kwa bei ya tumbaku. Sisemi viwanda vinafanya hila. Nasema havina haraka ya kuikausha.

Zipo pia tumbaku za manukato, zile za vanila, cheri na wiski ambazo mgeni huzikimbilia kwanza kwa kuwa zinanukia kama keki. Nyingi hutiwa propilini glaikoli, kimiminika kinachoshikilia maji. Tumbaku ya namna hii unaweza kuianika mchana kutwa na jioni bado ikanata vidoleni. Mgeni huanza na tumbaku iliyo ngumu kuliko zote kuendesha, kisha hudhani kiko kizima ndivyo kilivyo.

Hoja za wanaotetea ukavu

Upande wa pili husema: anika, halafu anika tena. Tumbaku kavu hushika moto kwa njiti moja au mbili, haidai kuvutwa kwa nguvu, na hutoa ladha wazi kwa sababu mvuke hauifuniki. Kwa anayeanza, faida kubwa kuliko zote ni kwamba hujifunza mwendo: kiko kisichozimazima humwacha avute kidogokidogo.

Lakini kambi hii nayo huvuka mpaka. Kwanza, ulimi hauungui kwa mvuke peke yake. Virginia ina sukari nyingi, na ikiharakishwa huwaka kwa joto kali hata ikiwa kavu. Burley, aina nyingine ya tumbaku, ina sukari kidogo, moshi wake una ualikali zaidi, na huo nao humwasha asiyezoea. Aliyeanika na bado ulimi unawaka asianike tena. Abadili tumbaku au apunguze mwendo. Pili, jani likishuka mno hukatika kuwa chenga, na chenga hushuka chini ya bori na kuziba tundu. Tatu, tumbaku kavu sana huungua mbio kama majani ya paa.

Kiwango ambacho wavutaji wengi hukubaliana nacho ni kati ya asilimia 12 na 15. Hakuna haja ya maabara. Bana kiasi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achia. Kikibaki donge, bado kina maji mengi. Kikifunguka polepole kama kitu kinachoamka usingizini, kiko tayari. Kikitoa sauti ya kuvunjika, umechelewa. Anayependa namba atumie mizani ndogo ya kidijitali: gramu 10 za tumbaku yenye unyevu wa asilimia 20 zikifika gramu 9.2, unyevu umeshuka hadi 13. Tofauti yenyewe ni ndogo hivyo, na jicho haliioni.

Mikono mitatu, na mingine

Kwenye ujazaji ndiko maneno huwa mengi zaidi.

Njia kongwe ni ya tabaka tatu, nayo hufundishwa kwa mfano wa familia. Mwaga tumbaku bila kukandamiza mpaka bori lijae, bonyeza kwa mkono wa mtoto, ifike nusu. Jaza tena, bonyeza kwa mkono wa mama, ifike robo tatu. Jaza mara ya tatu, bonyeza kwa mkono wa baba, ifike karibu na ukingo. Nguvu ya njia hii ni mantiki yake: chini kuwe wazi ili hewa ipite, juu kushikane ili moto ushike. Tena anayeelekezwa hahitaji kifaa chochote. Udhaifu wake ni kwamba mkono wa mtoto hauna kipimo. Na tumbaku mbichi hairudi juu ikishabonyezwa, hivyo mkono uleule unaotoa ujazo mzuri kwa jani kavu hutoa kizibo kwa jani bichi. Hapa ndipo magomvi mengi yanapozaliwa: watu wawili wanafuata maelekezo yaleyale, kila mmoja na tumbaku yake, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Njia ya pili hujulikana kwa jina la Mjerumani Achim Frank. Hapa tumbaku hudondoshwa bila kubonyezwa mpaka ijae, kisha shungi kubwa la nyuzi huwekwa juu, nusu yake ikining'inia nje, na kusukumwa kwa kidole gumba kutoka pembeni kuelekea katikati. Juu panakuwa na kifuniko kinachobana, chini panabaki na nafasi ya hewa. Ikifanywa vizuri, mvuto wake ni mwepesi kuliko njia zote. Ila inataka nyuzi ndefu zenye uhai kidogo. Jani kavu sana hukatika wakati wa kusukuma, na ile nafasi ya hewa hujaa chenga. Ndiyo njia inayoonyesha wazi kwamba ukavu nao una gharama.

Njia ya tatu ni ya vipande bapa vilivyoshinikizwa. Wengine huvifikicha mpaka vikawa nyuzi, wengine huvikunja na kuviingiza vizima. Kukunja hupunguza mwendo wa moto na hupendwa na wazoefu, lakini kipande kilichokunjwa kikiwa na maji ni kama gogo bichi jikoni. Mgeni afikiche.

Kuna na wasiobonyeza kabisa, wanaomimina, wakagonga kiko ubavuni, wakaongeza. Kwa tumbaku iliyokauka vizuri huenda, lakini moto wa kwanza huinua nyuzi za juu zikamwagika na cheche. Kushindilia wakati wa kuvuta ni lazima ukitaka usitake.

Kipimo kinachozipita njia zote ni hiki: kabla ya kuwasha, vuta hewa. Ikija kama unavyovuta maji kwa mrija wa soda, sawa. Ikija kwa shida kama uji mzito, mwaga yote uanze upya. Kubonyeza zaidi au kuchokoa kwa sindano ni kupoteza muda, na hapa siwaonei haya wanaofundisha kuchokoa.

Ushahidi wa mashindano

Mashindano ya kuvuta kiko polepole, yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la vilabu vya kiko, hupunguza mabishano kuwa kitu kinachopimika. Kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku ileile, kiko kilekile, kishindilio cha mbao na njiti mbili. Ana dakika tano za kujaza na dakika moja ya kuwasha. Kikizimika, ametoka. Walio bora wamepita saa tatu.

Tumbaku na kiko vikishakuwa sawa kwa wote, kinachobaki ni mkono na pumzi, na tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho bado ni ya saa nzima na zaidi. Hiyo ni hoja nzito kwa wanaosema kosa ni la mkono. Hata hivyo mashindano hayapimi ladha. Kukaa muda mrefu na kufurahia si kitu kimoja.

Asilimia za nani?

Vitabu na wauzaji wa Uingereza na Marekani huandika: iache mezani nusu saa, ikaukie. Meza gani? Tumbaku hubadilishana maji na hewa mpaka zilingane. Maabara hupumzisha tumbaku kwenye nyuzi 22 na unyevu wa hewa wa asilimia 60, na katika hali hiyo hutulia karibu na kiwango kile tunachokitaka. Chumba kilichopashwa joto wakati wa baridi huko Ulaya kina hewa kavu kuliko hapo, hivyo nusu saa inatosha.

Katika masika ya Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, hewa hupita asilimia 80 kwa saa nyingi za siku. Tumbaku iliyotandazwa kwenye gazeti sebuleni haitashuka hadi asilimia 13 hata ikae siku mbili, na iliyokuwa kavu inaweza kupanda. Dodoma wakati wa kiangazi mambo hugeuka, na dakika 20 zinaweza kuzidi. Wa pwani aianike saa za mchana wenye jua, kivulini, au juu ya kitu chenye joto kidogo kama mgongo wa redio ya zamani, kisha aivute mara moja au aifungie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana. Kuianika jioni baada ya mvua ni kujichosha.

Na chombo chenyewe

Kiko nacho hunywa maji, kila kimoja kwa kiasi chake. Mbao ya mzizi wa Erica arborea, kichaka cha Bahari ya Kati, hustahimili moto lakini huchelewa kukauka. Ipumzishwe siku moja, iachwe ijenge ukoko mwembamba ndani. Kiko cha gunzi, ambacho Henry Tibbe alianza kukitengeneza kibiashara Washington, Missouri, mwaka 1869, ni rahisi na hunywa maji vizuri. Hicho ningemshauri mgeni. Jiwe jeupe jepesi la mirishamu hunywa maji vizuri pia. Jiwe hilo lilichimbwa hata kwetu, Sinya, kwenye bonde la Amboseli upande wa Tanzania, na Arusha vikatengenezwa viko vilivyouzwa nje kwa chapa yenye picha ya tembo na jina la Kiswahili tupu: Kiko. Wazungu wanaokusanya viko vya zamani bado hulitafuta jina hilo, mara nyingi bila kujua lina maana gani.

Mizani

Ukiziweka hoja pamoja, kambi ya ukavu inashinda kwa anayeanza, ila si kwa sababu inayojisifia. Haishindi kwa kuondoa maji, kwa kuwa mengi yatazaliwa na moto hata hivyo. Inashinda kwa kuwa jani lililokaribia asilimia 13 linasamehe mkono mbaya: hurudi juu likibonyezwa, hushika moto bila kudai pumzi, na huonyesha kosa lilipo. Jani bichi huficha kosa la mkono nyuma ya kosa la maji, na mgeni hawezi kujifunza mambo mawili yanayosingiziana. Kambi ya unyevu ina haki yake kwenye kopo na kwenye ghala, na kwa mzoefu anayejua anachokitafuta.

Kati ya njia za kujaza hakuna iliyo bora kwa kila jani. Tabaka tatu zifae jani lililokauka vizuri, ya Frank ifae lenye nyuzi ndefu na unyevu kidogo, kukunja kuachiwe wenye miaka. Anayeanza achague tumbaku moja isiyo na manukato, kiko kimoja cha gunzi na njia moja, na asibadilishe chochote kwa wiki mbili isipokuwa muda wa kuanika. Akisikia malio, apitishe waya wenye pamba kwenye shilamu na apunguze pumzi. Dawa ya malio haiko kwenye jani.

Na kikizimika, akiwashe tena bila aibu. Njiti huhesabiwa mashindanoni tu.